Theluji Inayongojwa: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Ukurasa huu umezoea maswali ya kusi na kaskazi, ya maji ya bamvua na ya vuli iliyochelewa. Safari hii barua zimeleta jambo ambalo halijapata kutokea visiwani mwetu, nalo ni theluji. Sababu naifahamu. Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba hakosekani mtoto, ndugu au shemeji aliyeko Uingereza, na huko baridi imeshika na watu wanatazama juu. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine zote zinaigusa, na mwenye haraka anaweza kuanza na ya tatu.

Maalim, assalaam alaykum. Mwanangu wa pili anaishi Northampton, Uingereza, mwaka wa tatu sasa. Tangu baridi ianze amejiunga na wenzake wanaoifuatilia theluji kama watu wanavyofuatilia mpira. Wiki hii ameniambia mara tatu kwamba theluji itaanguka, na mara tatu ikawa mvua au haikuja kabisa. Halali kwa wakati. Ujumbe wake huniingilia saa saba usiku, na mara nyingine hunitumia michoro ya mistari iliyovurugana kama tambi. Nataka kujua mambo mawili: je, hao wanaotabiri wanawadanganya vijana, na mwanangu hungojea nini hasa hiyo saa saba ya usiku?
Mama wa watoto watatu, Wete

Waalaykum salaam, mama. Nitaanza na la pili kwa kuwa ni jepesi. Wamarekani wanayo programu kubwa ya kompyuta inayopiga hesabu za hewa ya dunia nzima mara 4 kwa siku, na mojawapo ya hesabu hizo huanzia na hali ilivyokuwa saa 12 jioni kwa saa za Greenwich. Kazi hiyo huchukua muda, hivyo ramani zake huanza kutoka mnamo saa 3:30 usiku kwa saa za huko, ambayo kwetu ni saa 6:30 usiku, na huendelea kutoka moja baada ya nyingine kwa zaidi ya saa nzima. Kijana akishaziona ramani za siku anayoitaka, akazijadili na wenzake, akakukumbuka mama yake, ndiyo saa saba yako hiyo. Nchi za Ulaya nazo zina kituo chao cha pamoja kilichoanzishwa mwaka 1975 katika mji wa Reading, na ramani zake za mchana hutoka wakati sisi tumeshasali Isha. Kwa hiyo mwanao hana wazimu. Anafanya anachofanya mchuuzi wa samaki, ambaye hukaa ufukweni tangu alfajiri kwa sababu anajua ngalawa zinarudi saa ngapi, ingawa hajui zimebeba nini.

La kwanza ni zito zaidi. Hapana, hawadanganywi, ila Uingereza ni pahala pagumu mno kuitabiria theluji, pengine pagumu kuliko nchi zenye baridi kali kuizidi. Katika sehemu za kusini na za kati za nchi hiyo wastani wa joto wakati wa majira ya baridi ni nyuzi joto 4 au 5 juu ya sifuri, kwa sababu upepo uliozoeleka hutoka magharibi na kusini magharibi, ukiwa umepita juu ya maji ya Atlantiki ambayo hayapoi sana. Upepo huo huleta mawingu tele, lakini huleta mvua. Ili theluji ianguke unatakiwa upepo wa mashariki au wa kaskazini, na upepo wa mashariki, unaotoka kwenye bara lililoganda, mara nyingi ni mkavu. Ndiyo kusema kwamba mwenye maji hana baridi, na mwenye baridi hana maji. Theluji kubwa huanguka pale wawili hao wanapokutana na kugombana: hewa ya Atlantiki hupanda juu ya hewa baridi iliyolala ardhini kama kabari, hutoa mawingu, na kwenye ukanda mwembamba wa mpaka wao matone hushuka yakiwa theluji.

Sasa tazama wembamba wenyewe. Kisiwa chako cha Pemba kina urefu wa kilomita 67 hivi kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini. Mpaka huo wa hewa ukisogea masafa mafupi kuliko hayo, mji uliokuwa uamke mweupe huamka umelowa, na mji wa jirani ambao haukutajwa hufunga skuli. Ongeza kimo cha ardhi: kila unapopanda mita 100 joto hupungua kwa zaidi ya nusu uzi, kwa hiyo huweza kuwa kuna theluji kilimani na mvua bondeni, na watu wawili wa mji mmoja wakabishana kwenye simu kila mmoja akisema kweli. Nasi tunalijua hili kwa namna yetu, kwa kuwa hakuna mtu wa Unguja asiyewahi kuiacha Bububu ikinyesha akafika Amani akakuta vumbi.

Nije kwenye tambi zako, mama. Umenifurahisha, kwa sababu wataalamu wenyewe huiita michoro ya aina hiyo kwa jina hilohilo la tambi. Kila mstari ni hesabu moja kamili ya hali ya hewa ya siku zijazo. Kompyuta haiwezi kujua hali ya hewa ya sasa kwa ukamilifu, maana vipimo havipo katika kila pahala, hasa baharini. Kwa hiyo wataalamu huiendesha hesabu mara nyingi, kila mara wakibadilisha kidogo hali ya mwanzo, wapate kuona jibu litayumba kiasi gani. Kituo cha Reading huendesha hesabu 51. Chukua majahazi 51 yanayong'oa nanga Malindi ya Unguja kwa wakati mmoja, kila moja likitofautiana na jingine kwa upana wa kidole tu katika mwelekeo wake. Yakifika Tumbatu bado yanaonana. Baada ya siku tatu za mikondo na upepo, mengine yako karibu na Pemba, mengine yanaelekea Mombasa, na moja halijulikani lilipo. Ndivyo inavyokuwa mistari ya mwanao: upande wa kushoto, ambao ni kesho, imeshikamana kama kamba, upande wa kulia, ambao ni wiki ijayo, imetawanyika.

Aliyetufumbua macho katika jambo hili ni Edward Lorenz wa Marekani. Mwaka 1961 alitaka kurudia hesabu moja katika kompyuta yake, akaandika 0.506 mahali ambapo kompyuta ilikuwa imehifadhi 0.506127, kisha akaenda kunywa kahawa. Aliporudi alikuta hewa ya kompyuta yake imekuwa nyingine kabisa, na mwanzoni alidhani mashine imeharibika.

Hapo ndipo ninapomlaumu kijana wako kidogo, kwa mapenzi. Ikiwa mistari 20 katika 51 inaonesha theluji Northampton siku ya Alhamisi, ramani imesema kwamba nafasi ni asilimia 40 hivi, maana yake kutoanguka kuna nafasi kubwa kuliko kuanguka. Yeye akakuandikia "theluji itaanguka". Ile "-ta-" haikuwamo katika ramani. Ameitia yeye kwa hamu yake, na Kiswahili kilikuwa tayari kimemwekea "huenda ikaanguka". Sisemi kwamba lugha haina lawama. Neno letu "utabiri" limetoka katika Kiarabu na lina undugu na kufasiri ndoto, kwa hiyo mtu akilisikia hutarajia habari ya ghaibu, ambayo hakuna mwanahali ya hewa anayedai kuwa nayo. Robert FitzRoy, afisa wa jeshi la majini aliyekuwa wa kwanza kuiongoza idara ya hali ya hewa ya Uingereza, alipoanza kuchapisha makisio yake magazetini mwaka 1861 alisisitiza kwamba hayakuwa uaguzi bali ni maoni yaliyotokana na hesabu. Alidhihakiwa sana alipokosea, na naona dhihaka hiyo haijaisha mpaka leo.

Isikupe dhana kwamba hawapatii. Katikati ya Februari 2018 hewa iliyo juu sana kwenye Ncha ya Kaskazini, kilomita 30 hivi kutoka ardhini, ilipata joto ghafla, na mzunguko wa pepo baridi uliokuwa umeizunguka ncha hiyo ukakatika vipande viwili. Wataalamu wakasema kwamba jambo hilo huongeza nafasi ya upepo wa mashariki, na baada ya wiki mbili hivi ukaja kweli: mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi theluji ilifunga barabara na skuli nchini Uingereza. Washabiki walioonja utamu huo wakawa wanausubiri tena. Mwanzoni mwa Januari 2019 hewa ile ya juu ikapata joto ghafla kwa mara nyingine, na nafikiri hakuna waliolala vibaya mwezi ule kuliko wao. Ikaja theluji ya siku chache tu. Kisha, tarehe 26 Februari 2019, bustani ya Kew mjini London ikapima nyuzi joto 21.2, rikodi ya joto kwa majira ya baridi ya nchi hiyo, ambalo ni joto la usiku wa kipupwe huku kwetu. Chanzo kilikuwa cha aina moja, na matokeo yakawa kinyume. Kilichotabiriwa miaka yote miwili ni kuongezeka kwa nafasi. Safari moja nafasi ikatimia, ya pili haikutimia.

Atakapokuandikia tena, usimwulize itaanguka lini. Mwulize ni mistari mingapi.

Mheshimiwa mwandishi, mimi ni mwanafunzi wa sekondari, Chake Chake. Kaka yangu aliyeko Uingereza alipima nyuzi 6 chini ya sifuri usiku mmoja, mbingu ikiwa safi, na hakukuwa na theluji. Wiki iliyofuata theluji ilianguka na kipimajoto kilionesha nyuzi 1 juu ya sifuri. Mwalimu wetu anasema maji huganda kwenye sifuri. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea, mwanangu, na swali lako ndilo linalowakosesha usingizi washabiki wote wa theluji.

Usiku ule wa nyuzi 6 chini ya sifuri ulikuwa wa mgandamizo mkubwa wa hewa. Hewa ilikuwa ikishuka polepole kutoka juu, na hewa inayoshuka haifanyi mawingu. Mbingu ikiwa wazi, ardhi hupoteza joto lake kuelekea juu usiku kucha, nyasi zikaota ule weupe unaoitwa sakitu, na kipimajoto kikashuka. Baridi ilikuwepo, kilichokosekana ni maji ya kuganda.

Wiki iliyofuata palikuwa na wingu. Ndani ya wingu la majira ya baridi, juu ya kichwa cha kaka yako, kulikuwa na nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri, na humo vipande vya barafu vidogo mno hukua kwa kuudaka mvuke, kila kimoja kikichipua pembe 6. Vikishakuwa vizito huanza kushuka. Swali linabaki katika mita mia chache za mwisho, ambako hewa ina uzi mmoja au miwili juu ya sifuri: je, vitayeyuka kabla ya kugusa ardhi?

Kwa jibu la hapo nenda jikoni kwa bibi yako ukautazame mtungi. Maji hupenya kidogo kidogo kwenye udongo wake, yakageuka mvuke nje ya mtungi, na katika kugeuka kwake yakabeba joto la yale yaliyobaki ndani. Ndiyo maana maji ya mtungi ni baridi ilhali chumba kina fukuto. Theluji inapoanguka katika hewa kavu hufanya kazi ya mtungi: sehemu yake hugeuka mvuke, na hewa inayoizunguka hupoa. Hewa ya nyuzi 4, ikiwa kavu vya kutosha, huweza kushuka hadi karibu na sifuri kwa njia hiyo. Wanaojua hawatosheki na kipimajoto cha kawaida. Hutazama pia kile kilichofungwa kitambaa chenye maji kwenye tumba yake, kwa kuwa hicho ndicho kinachoonesha hewa itapoa mpaka wapi. Kikiwa karibu na sifuri, wanabaki dirishani. Kikiwa nyuzi 3, wanakwenda kulala.

Kuna na la pili, ambalo binafsi naliona zuri zaidi. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji joto lilelile linaloweza kuipandisha kilo moja ya maji kutoka sifuri hadi nyuzi 80, karibu na maji ya chai. Joto hilo hutoka katika hewa. Kwa hiyo theluji inayoyeyuka njiani huipoza njia, na theluji inayoifuata hupita salama zaidi kuliko iliyotangulia. Kunyesha kukiwa kwa nguvu, hewa hupozwa haraka na mvua hugeuka theluji mbele ya macho ya watu. Kukiwa kwa manyunyu, hewa haipati kupoa na mvua hubaki mvua. Na upepo ukiwa mkali, kila mara hewa mpya ya joto hufika kuiharibu kazi iliyokwisha kufanywa. Kwa hiyo anayetabiri hawezi kuishia kwenye baridi: inambidi ajue pia ukavu wa hewa, nguvu ya kunyesha na kasi ya upepo, vyote kwa pamoja, katika mji mmoja, kwa saa fulani. Usishangae akisema "huenda".

Maalim, hapa barazani kwetu Mji Mkongwe pamezuka ubishi. Mmoja anasema kinachoanguka huko Ulaya ni barafu, mwengine anasema ni theluji, na wa tatu anadai kwamba Waswahili wa zamani hawakuwa na neno kwa sababu hawakukiona. Tuamulie.

Kinachoanguka kikiwa chepesi na cheupe ni theluji, neno tulilolipata kwa Waarabu. Maji yaliyoganda yakawa magumu ni barafu, yawe kwenye friji, kwenye sanduku la samaki au chini ya kiatu. Weupe unaoota kwenye majani usiku wa baridi ni sakitu. Mabonge ya barafu yanayoanguka na radi ni mvua ya mawe. Lakini aliyesema barafu asichekwe, kwa kuwa neno hilo chanzo chake ni Kiajemi, na kwa Waajemi maana yake ni theluji hiyohiyo inayoanguka; lilipopita India likaja kutumika kwa maji yaliyoganda, na sisi tukalipokea likiwa na maana hiyo.

Wa tatu amekosea, ila kosa lake limenikumbusha kisa. Tarehe 11 Mei 1848 mmishonari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro kwa mbali na kitu cheupe juu yake. Alipomwuliza kiongozi wa msafara wake, mtu wa pwani, ni kitu gani kile, aliambiwa kwa neno moja tu: "baridi". Rebmann aliandika kwamba ni theluji, na mwanajiografia William Desborough Cooley wa London akamkatalia kwa miaka mingi, akiona haiwezekani iwepo karibu na ikweta. Mtu wa pwani hakuwa na haja ya ubishi huo. Alikitaja kitu kwa kile kinachomfanyia mwanadamu.

Tulichokikosa ni jina moja la mvua iliyochanganyika na theluji iliyokwisha kuyeyuka nusu, inayolowesha bila kupendeza. Nasema hivyo kwa sababu, kwa ninavyoona katika barua hizi, hiyo ndiyo hali ya hewa wanayoipata ndugu zetu huko mara nyingi zaidi.

Watoto wangu hapa Jambiani wameukwangua ule unga mweupe unaoota kwenye kuta za friji wakasema wametengeneza theluji. Je, ni theluji? Na inaweza siku moja kuanguka Zanzibar?

Ni jamaa wa karibu sana, bibi. Unga huo hutokea mvuke wa hewa unapogusa ukuta wenye baridi kali na kugeuka barafu moja kwa moja bila kupita kwenye maji, na ndivyo kipande cha theluji kinavyokua wingulini. Tofauti ni kwamba cha wingulini kimekua kikielea, hakikushikwa na ukuta, ndiyo maana kikapata pembe zake 6. Waache wakwangue, lakini mlango wa friji usikae wazi.

Kuanguka Zanzibar, hapana. Juu yetu hewa hufikia sifuri kwenye kimo cha mita 4,500 hadi 5,000 hivi, na ndiyo maana Kilimanjaro yenye mita 5,895 ina barafu nasi hatuna. Ila watoto waambie hivi: mawingu makubwa ya masika hupanda juu kupita kimo hicho, na sehemu ya mvua inayowalowesha wakitoka chuoni ilianza safari yake ikiwa barafu na theluji, ikayeyuka kabla ya kufika.

Maalim, nakwenda kusoma Aberdeen, huko Scotland, mwezi wa Januari, inshallah. Sijawahi kutoka nje ya Tanzania. Je, theluji nitaiona, na nitajuaje kwamba inakuja? Nasikia kuna matangazo ya rangi.
Kijana wa Bububu

Nafasi yako ni nzuri kuliko ya yule wa Northampton, kwa kuwa uko kaskazini zaidi. Lakini Aberdeen iko ukingoni mwa Bahari ya Kaskazini, na maji ya bahari hiyo mwezi wa Januari huwa na nyuzi 6 au 7 hivi. Upepo wa kaskazini unapopita juu ya maji hayo hupata unyevu na kutengeneza mawingu ya theluji, ambayo ni heri kwako. Hapohapo bahari huupasha joto, hivyo ufukweni huweza kuwa mvua na kilomita chache ndani, ardhi inakoinuka, kukawa kweupe. Mawingu hayo huja kwa mistari, kwa hiyo mtaa mmoja huzikwa na wa pili ukapata jua. Ikisemwa kwenye habari kwamba theluji itakuwa "Scotland", uliza sehemu gani, na kimo gani.

Matangazo ya rangi ni matatu, manjano, chungwa na nyekundu, nawe unayajua jamaa zake, kwani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Rangi za Uingereza huchanganya mambo mawili, uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa madhara yake. Kwa hiyo manjano huweza kumaanisha kwamba usumbufu mdogo una uwezekano mkubwa wa kutokea, au kwamba kuna nafasi ndogo ya balaa kubwa. Soma maandishi yaliyo chini yake, usiishie kwenye rangi.

Umeniuliza utajuaje. Mimi nilikaa majira moja ya baridi katika mji mdogo wa Uingereza, nikisoma kozi fupi, nami nilishikwa na homa hiyohiyo ya mtoto wa Wete. Usiku wa kwanza niliambiwa theluji inakuja, nikakesha, ikawa mvua. Usiku wa pili nikakesha, hakikuja kitu. Usiku wa tatu mzee mmoja wa chumba cha jirani, aliyeniona nikiikodolea simu macho, akaniambia niiweke chini nitazame taa ya barabarani. Katika mwanga wa taa, alisema, mvua huchora mistari iliyonyooka na ya haraka, theluji haina haraka. Nilikaa dirishani na koti langu. Nje palikuwa na kibanda cha baiskeli chenye paa la bati, na mvua ilikuwa ikiligonga kwa sauti ninayoijua tangu utotoni, hadi nikasinzia. Kilichoniamsha ni kimya. Bati lilikuwa limenyamaza, nikadhani mvua imekatika. Nilipoinua macho kwenye taa nikaona mwanga umejaa vitu vikubwa kama manyoya, vinakwenda huku na huku, vingine vinapanda badala ya kushuka. Kipimajoto changu kilikuwa kwenye nyuzi 1 juu ya sifuri, na mwanafunzi wa Chake Chake sasa anaweza kukueleza kwa nini.

Chukua viatu vyenye soli ya mpira yenye meno, kwa sababu theluji iliyokanyagwa huyeyuka mchana na usiku huganda ikawa barafu isiyoonekana, na hiyo ndiyo inayovunja mikono ya wageni, wala si theluji yenyewe. Siku ya kwanza usitoke peke yako. Na ikianguka saa nane usiku, usisite kupiga simu nyumbani: huku itakuwa saa kumi na moja alfajiri, na mama yako atakuwa ameshaamka kwa sala.